Neno "Computer" Lilipokatwa kwenye Jina la Apple

Hotuba aliyoitoa Steve Jobs, mkuu wa Apple, tarehe 9 Januari 2007 kwenye maonyesho ya Macworld mjini San Francisco inakumbukwa kwa iPhone, na inastahili. Ila mwishoni kabisa, watu wakiwa bado wanaizungumzia ile simu, alitangaza jambo jingine ambalo kwangu lina uzito uleule. Alizitaja bidhaa nne za kampuni yake, yaani Mac, kicheza muziki cha iPod, Apple TV na hiyo iPhone, akasema kati ya hizo kompyuta ni moja tu. Basi jina lililosajiliwa Januari 1977, Apple Computer, Inc., likapunguzwa. Tangu siku ile ni Apple Inc.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Aprili, ikatoka taarifa fupi. Toleo jipya la mfumo endeshi wa Mac, Leopard, lililokuwa likisubiriwa Juni, lingechelewa hadi Oktoba. Sababu haikufichwa: baadhi ya wahandisi na wapimaji wa programu walikuwa wameondolewa huko na kupelekwa kwenye iPhone ili simu itoke kwa wakati. Aliyekuwa akiitegemea Mac kwa riziki, awe mhariri wa video, mpiga chapa au mtu wa studio ya muziki, hakuhitaji kufafanuliwa. Januari jina limekatwa, Aprili mafundi wamehamishwa. Sisi tunaachiwa nini?

Hofu ile ilikuwa na msingi, na bado inafaa kujadiliwa, kwa sababu swali lenyewe halijaisha. Kampuni ya kompyuta ikiona soko lake limebana, ihamie kwenye vifaa vya elektroniki vya watu wa kawaida: vicheza muziki, simu, runinga, kamera? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni nyingi za Marekani zilijiuliza hivyo, zikajibu ndiyo, na karibu zote zikaumia. Apple ikatajirika kuliko zote. Mimi naamini Apple ilifanya sawa kuingia huko. Naamini pia kwamba kwa miaka kadhaa iliwakosea watu waliokuwa wakiinunua kabla haijawa na simu, na kosa hilo halikuwa la lazima.

Tuanze na kilichozisukuma. Mwaka 2001 mauzo ya kompyuta binafsi duniani yalishuka kwa mara ya kwanza tangu 1985. Kompyuta zilikuwa zimefanana: chipu ya Intel ndani, Windows juu yake, na boksi la rangi ya kijivu. Ukiuza kitu kilekile anachouza jirani yako, mnabaki kushindana kwa bei, na bei ikishuka faida inashuka nayo. Wakati huohuo muziki ulikuwa unahama kwenye CD na kuwa faili, picha zinahama kwenye filamu na kuwa faili, sinema vilevile. Ukiwa na kiwanda cha kompyuta ni rahisi kujiambia kwamba kila kinachogeuka kuwa faili ni chako.

Gateway ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ilianzia mwaka 1985 kwenye shamba la familia ya Ted Waitt huko Iowa, ikawa maarufu kwa maboksi yake yenye mabaka meusi na meupe kama ng'ombe. Mwishoni mwa 2002 ilianza kuuza runinga bapa ya plasma ya inchi 42 kwa chini ya dola 3,000, bei ambayo majina makubwa ya runinga hayakuwa yameifikia. Watu walimiminika. Gateway ikaongeza kamera, vicheza DVD na mengineyo. Tatizo ni kwamba kile kioo hakikuwa chake. Kilitoka kwenye viwanda vya Asia, na aliyeweza kumuuzia Gateway aliweza kumuuzia yeyote. Kila muuzaji alipopata vioo vya bei ya chini, Gateway haikubaki na chochote cha kumfanya mteja airudie. Aprili 2004 ilifunga maduka yake yote 188. Mwaka 2007 Acer ikainunua kwa dola milioni 710.

Dell nayo ilikata jina, na ilitangulia Apple kwa miaka minne: mwaka 2003 Dell Computer Corporation ikawa Dell Inc. Mwaka huohuo ikatoa kicheza muziki chake, Dell DJ, na ikaingia kwenye runinga. Nguvu ya Dell ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa kweli: mteja anaagiza kwa simu au intaneti, kompyuta inaundwa baada ya oda kuingia, na ghalani hakukai mzigo. Kwa ofisi inayotaka kompyuta mia mbili zinazofanana, hakuna njia bora. Lakini mtu anayenunua runinga ya sebuleni anataka kusimama mbele yake aone rangi. Anayenunua kicheza muziki anataka kukishika. Ile nguvu ya Dell haikuvuka kwenda upande wa pili pamoja nayo. Kufikia 2006 vicheza muziki vyake vilikuwa vimeondolewa sokoni.

HP ilichukua njia ya mkato. Januari 2004 ilitangaza kwamba itauza iPod ya Apple ikiwa na nembo ya HP mgongoni. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio: Julai 2005 mkataba ukavunjwa, na HP ikabaki bila kicheza muziki wala ujuzi wa kukitengeneza. Miaka mitano baadaye ilijaribu tena, na safari hii ilijipanga. Iliinunua Palm, kampuni ya simu, kwa dola bilioni 1.2 ikapata mfumo endeshi wake yenyewe, webOS, ambao waliowahi kuutumia bado wanausifu. Kompyuta bapa yake, TouchPad, ikatoka Julai 2011. Siku 49 baadaye HP ikatangaza kuifuta, na zilizobaki zikauzwa dola 99 kila moja. Gateway haikuwa na kitu chake mkononi. HP ilikuwa nacho, ikakitupa kabla ya miezi miwili kuisha. Siwezi kuiita bahati mbaya. Bodi ya wakurugenzi iliingia kwenye biashara ya miaka kumi ikiwa na subira ya robo mwaka.

Sasa Apple. Kuna maelezo mepesi yanayorudiwa kila mara, kwamba Jobs alikuwa na kipaji na bidhaa zake zilipendeza. Yote mawili ni kweli, ila hayatoshi, kwa sababu Apple hiyohiyo ilishawahi kujaribu vifaa vya nyumbani ikaanguka vibaya. Mwaka 1994 ilitoa kamera ya QuickTake, iliyotengenezwa na Kodak. Mwaka 1996 ikaja Pippin, mashine ya michezo iliyouzwa na Bandai, na zilizouzwa hazikuzidi sana 40,000. Newton, kile kidaftari cha mkononi cha 1993, kilizimwa Februari 1998. Mwaka wa fedha wa 1997 Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Kwa hiyo tusiseme Apple ina damu ya vifaa. Kuna jambo lilibadilika.

Miaka kadhaa iliyopita nilibahatika kushika iPod ya toleo la kwanza, ile ya Oktoba 2001, mali ya rafiki yangu aliyekuja nayo kutoka Uingereza. Ni nzito kuliko unavyodhani, mgongo wake wa chuma umejaa michubuko, na lile gurudumu la mbele linazunguka kweli chini ya kidole, halikuwa bado la kugusa tu. Bado ilikuwa inashika chaji kidogo. Tulichagua wimbo, nikaibandika sikioni kama mtu anayesikiliza saa ya mkono. Ndani unasikia diski ikiamka, inazunguka sekunde chache, kisha kimya. Muziki unaendelea. Diski imeshalala.

Hapo ndipo nilipoielewa iPod. Ndani kuna diski ya Toshiba ya inchi 1.8 yenye gigabaiti 5. Diski inayozunguka muda wote ingeimaliza betri mapema, na ungetembea nayo ingerukaruka. Basi mashine inazivuta nyimbo kadhaa kwa mkupuo mmoja, inaziweka kwenye kumbukumbu ya megabaiti 32 inayotosha hadi dakika 20, halafu inaizima diski. Hiyo ni akili ya mtu wa kompyuta, aliyezoea kugawa kazi kati ya diski na kumbukumbu. Na kumbuka kwamba diski ni ya Toshiba na chipu zake kuu zilitoka kampuni ya PortalPlayer. Apple nayo ilinunua vipuri kwa watu, kama Gateway. Tofauti haikuwa kwenye vipuri.

Tofauti ilikuwa upande wa pili wa waya. Tarehe 9 Januari 2001, miaka sita kamili kabla ya siku ile ya kukata jina, Jobs alisimama kwenye maonyesho yaleyale ya Macworld akasema Mac itakuwa kitovu cha maisha ya kidijitali ya mtu, na vifaa vyote vitajichomeka hapo. Siku hiyohiyo alionyesha iTunes, programu ya muziki ya kompyuta. Kuingiza CD, kupanga albamu, kurekebisha jina la msanii, kutengeneza orodha za nyimbo, kazi yote hiyo ngumu ilifanyika kwenye Mac, kwenye kioo kikubwa na kibodi. iPod iliachiwa kazi moja tu, kupiga. Ndiyo maana iliweza kuwa na gurudumu moja na vitufe vichache. Vicheza muziki vingi vya wakati ule vilitaka kufanya yote hayo kwenye kioo kidogo, na vikamchosha mtu.

Kwa hiyo Apple haikuiacha kompyuta kwenda kutengeneza redio ya mfukoni. Iliichukua kazi iliyokuwa ya kompyuta ikaigawa mara mbili, na sehemu zote mbili zikawa zake. Gateway haikuwa na sehemu ya pili ya kuigawia runinga yake. Dell ilikuwa inauza Windows ya Microsoft. HP ilikuwa inauza iPod ya mtu mwingine yenye programu ya mtu mwingine. Anayeuliza kama kampuni fulani ya kompyuta ihamie kwenye vifaa aanzie hapa: kazi gani ngumu iliyoko kwenye kompyuta yako, ambayo ni yako mwenyewe, itamrahisishia mtu kile kifaa? Kama hakuna jibu, basi anachotaka kufungua ni duka la bidhaa za watu, na ashindane na wenye maduka kwa bei.

Takwimu zilifuata baadaye. Mwaka wa fedha wa 2006 iPod iliingiza dola bilioni 7.7 na Mac bilioni 7.4. Kwa mara ya kwanza mtoto alimzidi mama. Walioogopa wakasema Mac imekwisha. Lakini angalia Mac zenyewe. Mwaka wa fedha wa 2001 ziliuzwa takriban milioni 3.1, na 2004 bado zilikuwa milioni 3.3. Baada ya iTunes kufika kwenye Windows mwishoni mwa 2003, watu ambao hawajawahi kugusa kitu cha Apple waliingia kupitia iPod, na wengi wao kompyuta ilipochakaa wakasema wajaribu Mac. Mwaka 2006 zikauzwa milioni 5.3, na 2008 milioni 9.7. Wanaopenda kutumia methali ya mshika mbili wanapaswa kuitazama miaka hiyo. Mkono mmoja ulikuwa unaulisha mwingine.

Ninalopingana nalo katika ile hotuba ya 2007 ni sentensi yenyewe, kwamba kati ya bidhaa nne kompyuta ni moja. Jukwaani palepale, Jobs alikuwa ametoka kusema iPhone inaendeshwa na OS X, mfumo uleule wa Mac. iPhone ilikuwa kompyuta. Iliwashinda Nokia na BlackBerry kwa sababu hiyo hasa: wao walitengeneza simu na kuiongezea programu, Apple ilitengeneza kompyuta na kuiongezea simu. Kulikata neno kwenye jina kulisaidia biashara, sikatai, kwa sababu mama anayenunua simu hataki kuambiwa ananunua kompyuta. Ila nadhani ndani ya kampuni lile neno lilipokatwa na fikra fulani ilikatwa nalo. Na walioulipia mkato huo ni wenye Mac.

Mwaka wa fedha wa 2015 iPhone ilileta dola bilioni 155 kati ya bilioni 234, yaani theluthi mbili. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa migumu kwa watu wa kompyuta. Mac Pro ya 2013, ile nyeusi ya mviringo, ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kubadilishwa. Mac mini ilikaa kuanzia Oktoba 2014 hadi Oktoba 2018. Kibodi mpya nyembamba iliyoanza 2015 ilikuwa inagoma kwa punje ya vumbi, malalamiko yakawa mengi hadi Juni 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2019 ikaanza kuurudia muundo wa zamani. Aprili 2017 wakuu wa Apple waliwaita waandishi wachache wakakiri kwamba umbo la ile Mac Pro lilikuwa limewabana: joto lilishindwa kutoka, na chipu zenye nguvu zaidi zisingeweza kuingia.

Kwa kampuni kama ile, kukiri namna hiyo ni jambo kubwa, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukweli wake ni mchungu. Pesa hazikuwa tatizo. Apple ilikuwa na akiba kuliko kampuni yoyote ya aina yake. Kilichokosekana ni macho. Wahandisi bora wanapojua kwamba kazi inayotazamwa na wakubwa ni simu, watakwenda kwenye simu. Kile kilichotokea kwa Leopard mwaka 2007, ambacho kilielezwa kuwa cha dharura, kilikuwa kimegeuka mazoea. Hii ndiyo hatari halisi ya kuhama: haimfukuzi mtu, inamsahau.

Kilichoiokoa Mac kilitoka kwenye simu, na hili linapaswa kusemwa kwa haki. Mwaka 2008 Apple iliinunua kampuni ndogo ya wabunifu wa chipu, P.A. Semi, kwa dola milioni 278. Mwaka 2010 ikatoka A4, chipu ya kwanza kuuzwa kwa jina la Apple, ikaanza kwenye iPad kisha iPhone 4. Kila mwaka ikaja nyingine. Simu haina feni wala betri kubwa, hivyo mbunifu wa chipu ya simu amefundishwa kubana kila chembe ya umeme. Miaka kumi ya nidhamu hiyo ilipoletwa kwenye kompyuta, Novemba 2020, ikawa M1. MacBook Air iliyotoka nayo haina feni hata moja, na iliziacha nyuma mashine nyingi zilizokuwa zikivuma kama jiko la kuchomelea. Mapato ya Mac yakatoka dola bilioni 28.6 mwaka wa fedha wa 2020 hadi bilioni 40.2 mwaka 2022. Kama Apple ingekataa vifaa na kubaki na kompyuta peke yake, isingekuwa na fedha wala sababu ya kuwalipa wabunifu wale kwa miaka kumi. Hoja hii ndiyo inayonifanya nisimame upande wa walioingia.

Kipimo hichohicho kinaeleza yaliyofuata. Gari ambalo Apple ililifanyia kazi kwa takriban miaka kumi lilizimwa Februari 2024, na sikushangaa: hakuna kazi ya kompyuta yake ambayo gari lingeigawa nayo, na chuma, magurudumu na sheria za barabarani ni ujuzi wa watu wengine kabisa. Miwani ya Vision Pro ya dola 3,499, iliyoanza kuuzwa mwezi huohuo, ni jambo tofauti. Bei yake ni ya juu mno kwa watu wa kawaida. Lakini ilipotoka ndani ilikuwa na chipu ya M2 ya Mac, na moja ya kazi zake zinazosifiwa ni kumtandazia mtu kioo cha Mac yake hewani. Hiyo bado ina waya unaorudi nyumbani.

Mwaka wa fedha wa 2024 Mac ilileta dola bilioni 30 kati ya bilioni 391. Anayesoma hesabu za kampuni ili anunue hisa anaona chini ya asilimia nane, na ni rahisi kwake kushauri kwamba akili na fedha ziende kwingine.

Nilikutana na hiyo asilimia nane usiku mmoja Dar es Salaam, kwenye chumba cha ofisi ya kuchangia. Kijana mmoja alikuwa ametengeneza programu ya kuweka hesabu za vikoba: michango, mikopo, faini, nani amelipa na nani bado. Toleo la Android lilikuwa limeshapanda miezi mingi nyuma, ameliandika kwenye laptopu yake ya Windows. Toleo la iPhone lilikuwa limekwama, kwa sababu programu ya iPhone inakamilishwa kwa Xcode, zana ya Apple ya kuundia programu, na Xcode haifunguki popote isipokuwa kwenye Mac. Wapo wanaokodi mashine kwa intaneti, lakini mwisho wa huo waya nako kuna Mac. Yeye alikuwa amekodi Mac mini ya mwenzake kwa saa, ameiweka chini ya meza karibu na feni, kioo cha kuazima, kibodi ya kuazima. Ada ya Apple ya dola 99 ya mwaka alikuwa ameilipa. Mara mbili ilimgomea kwa cheti kisichotambulika, mara ya tatu ule mstari wa kupakia ukaanza kusogea. Mwenye Mac akachungulia saa.

"Kaka, niongezee nusu saa," kijana akamwambia bila kuondoa macho kwenye kioo. "Nitakutumia kwa simu sasa hivi."